Fulana ya Tibo

Belo nililolifungua Jumanne, Kiboriloni,
lilikuwa la fulana za zamani, kola zimechoka,
zinanuka dawa ya panya na tumbo la meli.
Ya arobaini na kitu nikaikung'uta,
akanitazama Tibo.

Jina lake lina herufi tatu za mwisho
ambazo Wafaransa huziandika na hawazitamki,
wamezikalisha tu pale
kama watoto kwenye kikao cha mahari.
Sisi hatukuwa na nafasi ya herufi za bure.
Tibo. Pasua nzima ilisema Tibo.

Miaka hiyo niliokota mipira klabu,
shilingi mia mbili kwa jioni, na soda nusu.
Uwanja wa udongo mwekundu, mistari ya chokaa
aliyoichora Ndelilio akiwa na mbege kichwani,
kwa hiyo upande wa mlimani
uwanja ulikuwa mpana kidogo.
Televisheni ilikuwa ukumbini, sisi dirishani,
miguu yetu ndani ya maua ya watu.

Alipiga kwa mkono mmoja, kinyumenyume,
kama mtu anayefukuza kuku bila kuwachukia.

Fainali mbili alicheza. Zote akashindwa.
Ya pili ndiyo tunayoisimulia:
seti ya tano, mwamuzi kasema mpira umeingia,
watu wamesimama, kofia ziko hewani,
na Tibo anatembea hadi upande wa pili wa wavu,
anaonyesha kwa raketi alama vumbini.
Wangu huu. Umetoka.
Akapoteza pointi, akapoteza gemu,
akapoteza na vilivyobaki.
Aliyeshinda? Nakumbuka alikuwa mrefu.

Dada yangu Aisaria alilia
hadi mama akauliza
kama huyo mzungu ameacha deni dukani.

Kisha goti. Kisha mwaka wa bandeji.
Siku ya kuaga alishika kipaza sauti,
akafungua mdomo,
na umeme ukakatika Moshi nzima.
Kwa hiyo kwetu sisi
hajamaliza kuaga.

Sasa uso wake umepasukapasuka kwa kufuliwa,
tarehe ya kustaafu iko chini ya kidevu kama ndevu.
Akaja kijana wa Soweto, raketi mgongoni
imefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Tibo anastaafu, mama wa huyu yuko darasa la tano.

Unamjua?

Si ndiye aliyesema umetoka?

Akanieleza: kule Rau wamefunga kamba
kati ya migrevilea miwili, ndio wavu wao.
Mtu akidanganya mpira, wote wanapiga kelele, Tibo!
na mwongo anaitoa pointi, hata akinuna.
Mdogo wangu, akasema,
anadhani Tibo ni jina la sheria.

Elfu nane, nikamwambia.
Ana elfu tatu na mia tano, na mia tano ni ya kurudia nyumbani.
Akaipima kifuani. Ilimfika magotini karibu.
Haina tundu?

Kidole gumba changu kilikuwa kwapani mwa fulana,
mahali pake hasa, tangu alipofika.
Kazi hii ina miaka kumi na tisa, kidole kinajijua.
Kibo ilikuwa imejifunika, hakuna aliyekuwa akitazama.

Nikakiondoa.

Elfu tatu, nikasema. Chukua.