Tundu la Sita

Mkanda wa kampuni ulinikatikia siku ya pensheni,
mbele ya foleni ya wastaafu, saa nne asubuhi.
Ulianza kubabuka wiki nzima kabla,
kama dari iliyolowa,
kisha bizimu likabaki mkononi mwangu
na ala ya bastola ikaninginia pajani
kama mtoto aliyekataa kubebwa.
Bibi mmoja akacheka. Mwenzake akavua khanga begani:
"Jifunge kibwebwe, mwanangu,
benki isije ikaibiwa kwa ajili ya suruali."

Nikalinda hivyo mpaka jioni.
Mama yangu angenielewa.

Jumamosi, Kiborloni.
Mikanda imetundikwa mabombani, mamia,
nyoka waliokufa wakiwa wamechana nywele.
"Wa Italia huu," anasema kijana. Naukunja:
unatoa ufa mweupe, karatasi ndani, rangi juu.
"Basi chukua huu, dada. Wa jeshi."
Mkanda wa jeshi nilishaugua mwaka juzi,
malengelenge ubavuni wiki tatu.
Leo natafuta wa kuvaa.

Nyuma ya mashine ya kusaga, Kundaeli
ana meza, nta, na vidole vyeusi kwa gundi.
Hakuniuliza kiuno inchi ngapi.
Aliuliza: unasimama saa ngapi? Unakaa saa ngapi?
Na hicho chuma kina uzito gani?
Karibu kilo, nikasema, kikiwa kimeshiba.

Akachagua ngozi ya mgongo.
Ya tumbo akaitupa kando: "Tumbo limezoea kutanuka,
litakuahidi leo, litakusahau Krismasi."
Akaishika kwa ncha moja, akainyoosha hewani,
haikuinama.
Tabaka mbili, uzi wa nta, upana wa vidole viwili
ili upite kwenye vitanzi bila kugombana.
Kisha, macho yakiwa kwenye kisu:
"Kiuno cha mwanamke kina mteremko.
Mkanda ulionyooka utakukata hapa, utakuachia pale."
Akaukata kwa upinde kidogo,
kama njia ya Kibosho inayozunguka kilima
badala ya kukipanda kwa hasira.

Miaka kumi na moja ya lindo
nilidhani mgongo wangu ndio mbovu.

Akanikalisha kwenye kigoda. Nikainama kufunga kiatu.
"Sasa vuta pumzi kama umekula kiburu sahani mbili."
Nikavuta. Mlima ulikuwa umejifunika, Julai hii,
na mvuke ulinitoka puani.
Akatoboa matundu matano.
Nikamwambia aongeze moja.
"La nini?"
La jioni. Nikishakabidhi silaha, ala ikishavuliwa,
mkanda unabaki na nafasi ya kidole kizima.
La sita ni la kurudia nyumbani.
Akatoboa, hakuongeza bei.
Elfu hamsini na tano. Sikuomba apunguze,
jambo ambalo dada zangu hawataliamini.

Nyumbani Njoro niliutundika kwenye msumari wa mlango,
nikaingia kuvua soksi.
Niliporudi, Elinami alikuwa amenyamaza.
Miaka saba, daftari wazi, penseli hewani,
anautazama.
Sijawahi kumgusa kwa mkanda, hata siku moja.
Sijui nani alimfundisha.
Mimi nilifundishwa na baba, mlango kama ule,
msumari kama ule. Tulikuwa tukijua saa
kwa kuangalia kama mkanda upo ukutani au umeondoka.

Nikauteremsha. Nikauviringisha
kama jongoo aliyeguswa,
nikautia kwenye kopo tupu la mafuta, juu ya kabati.
Msumari nikaung'oa kwa mchi wa kinu.
"Unafanya nini?" akauliza.
Natengeneza mlango, nikasema. Endelea na hesabu.

Baadaye nilisimama kwenye beseni kuosha vyombo,
gauni pana, miguu peku,
na kiuno kikaegemea kushoto chenyewe,
kikisawazisha kilo ambayo haipo.