Pima-maji ya Packie

Aliyesema mavi ya kale hayanuki
hakuwahi kulala nyumba hii
mwezi wa pili, hapa Leitrim, upepo ukipanda kutoka ziwani
na choo cha chini kikicheua kama mtoto aliyeshiba.

Mara ya kwanza tuliwalaumu wajukuu:
vile vitambaa vya kupangusia, vinavyoapa kwenye pakiti
kwamba huyeyuka. Haviyeyuki.
Cathal Mulvey alivivua kwa ndoano, kimoja kimoja,
akavipanga ukingoni mwa shimo kama ushahidi wa kesi.
Yuro mia tatu na ishirini. Chai, vikombe viwili.

Mara ya pili tuliulaumu mti.
Malachy akaukata, mti aliopanda dada yake
wiki ile alipohamia Boston,
na kwa miezi saba choo kikanyamaza,
tukaamini tumemnyonga mwenye hatia.

Mara ya tatu tuliilaumu mvua.
Hapo hatukukosea sana. Udongo wetu ni mfinyanzi wa kijivu,
ukiuminya leo, alama za vidole utazikuta kesho kutwa.
Maji yakiingia humo hukaa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Juu ya mifereji nyasi ziliota kijani cha kung'aa,
nzuri kuliko waridi langu.
Nilizipita kwa mbali. Nilijua zinalishwa nini.

Kila mara Cathal alikunja mpira wake mnene,
akalipiga kofi tangi la lori kama paja la ng'ombe,
akasema, "Tutaonana, Dympna."
Si kwaheri. Tutaonana.

Kulikuwa na jambo hatukulitaja.
Bomba alilitandika Packie, baba mkwe,
kiangazi cha sabini na nane, kwa sululu, peke yake.
Picha yake, kifua wazi, mtaroni,
imetundikwa juu ya meko ya sebuleni.
Nyumba hii unaweza kumsengenya askofu.
Packie, hapana.

Mara ya nne ilikuwa usiku wa kuamkia ubatizo wa Muirne.
Wageni arobaini. Bafu likaturudishia
yote tuliyoyaaga asubuhi.
Malachy hakumpigia mtu simu. Alivaa taa ya kichwani
akachimba kutoka ukuta wa jikoni,
mimi nimeshika mwavuli, nikimkinga nani sijui,
sote tumelowa chapachapa.

"Niletee pima-maji."
Ile ya mbao, ya babake, herufi zake zimechongwa kwa msumari.
Akailaza juu ya bomba.
Kiputo kikateleza, bila haraka,
kikasimama upande wa tangi.

Miaka yote hiyo tulikuwa tunayapandisha mlima.

Ndipo nilipokumbuka ufito wa mama mkwe,
ule uliosimama nyuma ya mlango wa choo,
ambao hakuwahi kutuambia kazi yake.

Chini ya bomba palikuwa na jiwe,
pana kama meza ya chakula,
usoni makovu ya sululu, mengi, mengi mno,
ya mtu aliyeligonga Julai nzima
kisha siku moja akalirusha bomba juu yake,
akafukia, akaoga, akapigwa picha.

Malachy aliweka kiganja juu ya makovu.
"Alichoka," akasema.
Mvua ikaendelea.

Wageni walikwenda haja kwa jirani, kwa zamu,
Muirne akalia pale panapotakiwa.
Jumanne ikaja mashine ikalipasua jiwe kwa dakika kumi na moja.
Malachy aliingia ndani, asione.
Bomba jipya linashuka sentimita mbili kila mita;
nilipima mwenyewe, kwa pima-maji ileile.
Ilikuwa haidanganyi. Haikuwahi.

Cathal anasema mfinyanzi ni mfinyanzi,
siku moja tutahitaji kilima cha mchanga na barua ya serikali.
Hakusema tutaonana. Hakusema kwaheri pia.

Usiku navuta mnyororo, nasimama gizani,
mkono ukutani, nasikiliza yakiondoka.
Yanaondoka.
Nahesabu hadi ishirini ndipo nilale.

Ufito wa mama mkwe sijautupa.