Viti vya Maktaba ya Bagira

Tuna vitabu mia sita na kumi na viwili,
na viti arobaini.
Siku ya kuajiriwa niliambiwa nichunge vitabu.
Hakuna aliyenitajia viti.

Wa kwanza kubisha hodi asubuhi ile
alikuwa Cikuru wa avenyu ya nyuma, macho mekundu.
Nikadhani anataka kamusi.
"Baba ametutoka," akasema. "Tunaomba viti ishirini."
Nikafungua daftari la wasomaji.
Kwenye safu ya "Jina la kitabu" nikaandika: Viti, 20.
Kwenye safu ya "Mwandishi" kalamu ilisita.
Nikaandika jina la marehemu.

Tangu hapo viti vinaujua mtaa kuliko mimi.
Vimekesha kilioni, vimesikiliza mahari ikibishaniwa
mbuzi kwa mbuzi,
vimerudi vinanuka kasiksi,
mafuta ya sambaza mgongoni,
kimoja na mguu uliofungwa waya.
Na anayevirudisha haondoki mara moja,
kwa kuwa mvua ya Bagira haiombi ruhusa.
Mtu anaitazama njia ikigeuka potopoto,
anakaa juu ya kiti alichokileta,
mkono unatafuta kazi,
unaokota kitabu.

Ndivyo tulivyompata Cikuru.
Ndivyo alivyokuja Zihindula, fundi viatu,
anayesoma kwa sauti mpaka nyuma ya jalada:
bei, mwaka, mji wa kiwanda,
maana, anasema, kiatu pia
hukianzi juu.

Alhamisi ni ya akina mama.
Wanatoka sokoni, beseni wanaziacha mlangoni
zikiwa na majani mawili matatu ya lengalenga,
na vidole vyao vinachapa ukurasa kabla ya wino.
Kuran ikikatika, na haikosi kukatika,
simu tatu zinasimamishwa ndani ya glasi
na somo linaendelea.
Tulipofika kwenye "nya" darasa likalipuka:
Nyawera! Nyamugo! Nyalukemba!
Mji mzima walikuwa wanaukanyaga kila siku
bila kujua umeandikwa.
Mmoja akauliza kwa nini Bagira haimo.
Sikuwa na jibu. Nikawaambia "ba" inakuja.

Mwezi wa pili hesabu ikakataa.
Thelathini na tisa.
Nikashuka hadi ligablo la Mama Nabintu, pale karibu na bomba,
kiti kimo, naye yumo juu yake,
anapima mawese kwa kijiko.
"Mama, muda umepita."
"Na asiyemaliza kitabu, mnamfanyaje?"
"Tunamwongezea siku kumi na nne."
"Basi niongezee. Mimi bado sijamaliza kukaa."

Nikamwongezea. Kanuni ni kanuni.
Nikamwongezea mara sita.

Mara ya saba alipanda mwenyewe, Alhamisi,
kiti kichwani, miguu minne ikielekea mawinguni,
akakitua mstari wa mbele, akawasogeza wenzake kwa nyonga.
"Nimekuja na changu," akatangaza.
Nani angebisha.
Akaomba kalamu, akaishika kama kijiko cha mawese,
asimwage tone.
N yake ya kwanza ililala
kama nyumba za mteremkoni baada ya Aprili.
Ya pili aliiegemeza ukutani kwa msitari.
Ya ishirini ilisimama.
Zihindula, aliyekuwa anachungulia dirishani,
akapiga mwanzi mmoja wa makofi, akanyamazishwa.

Saa kumi na moja nilifunga madirisha,
nikamsogezea daftari atie sahihi.
Safu zote zilikuwa wazi.
Akazipitia kwa kidole, moja moja,
akachagua ile ya "Mwandishi",
akaijaza yote, mpaka "u" ya mwisho
ikavuka mstari na kuingia kwenye "Tarehe ya kurudisha".

Kisha akakibeba kiti chake,
kesho ni soko.