Nundu ya Gunia

Luvanda alipakia magunia thelathini.
Mimi nilihesabu arobaini.
Kati yetu ilikaa lumbesa,
ile nundu iliyofungwa kwa kamba juu ya mdomo wa gunia;
mnunuzi huiita desturi,
mimi huiita mgongo wangu.

Mahakama ya Mwanzo ilikuwa chumba kimoja.
Mvua ya Uporoto ilipiga bati
hata shahidi akaambiwa asubiri wingu lipite.
Hakimu, kijana wa Njombe, koti la sufu,
cheti cha Lushoto, kalamu mbili, moja haiandiki.
Kulia kwake mshauri Anyosisye wa chama cha ushirika,
kushoto Tupokigwe, muuza maziwa,
aliyeishia darasa la nne
na ndiye pekee aliyeniuliza:
"Hiyo kamba aliileta nani?"

Aliileta Luvanda.
Nikashinda.

Siku thelathini za kukata rufaa, alisema karani.
Luvanda alikata siku ya ishirini na tisa.

Basi kesi ikapanda, mimi nikateremka,
maana wilaya iko Tukuyu, chini kwenye migomba,
na sweta langu la Isyonje likanichoma kama pilipili.
Hakimu wa kule alikuwa na digrii.
Hakuuliza viazi wala kamba.
Alisoma alichoandika mwenzake kwa ile kalamu moja,
akakohoa, akasema niko sawa.

Luvanda akapanda tena.

Mahakama Kuu, Mbeya. Sakafu inang'aa,
nikavua viatu mlangoni, askari akacheka, nikavaa.
Nilisubiri saa nne kwenye benchi
na karani Ambokile, mtu wa maneno, akanifundisha.
Jaji hachukuliwi hivi hivi, mama.
Asome sheria. Akae kwenye kazi hiyo miaka kumi na zaidi,
uwakili au uhakimu, jina lake lisinuke.
Tume imchambue. Rais amteue.
Ndipo ashike kitabu, ale kiapo.

Nikamwambia: sokoni Uyole
kila mwaka huja mtu wa vipimo na mawe yake ya shaba,
anaijaribu mizani, anaigonga muhuri.
Hii yenu anaijaribu nani?
"Iliyo juu yake."
Na ya juu kabisa?
"Rufani. Majaji watatu pamoja.
Huja hapa kwa msimu, kama wanunuzi wa pareto."
Na juu ya hao watatu?
Ambokile akalifunga kabati la majalada,
akaniuliza kama nimekula.

Jaji alikuwa mwanamke, sauti ndogo.
Alifunua karatasi moja moja, akarudi nyuma, akahesabu.
Hukumu ya Isyonje ina sahihi ya hakimu, alisema.
Ina sahihi ya Anyosisye.
Ya mshauri wa pili iko wapi?

Siku ile ng'ombe wa Tupokigwe alikuwa anazaa.

Mwenendo wote ukabatilishwa.
Irudi chini, ianze upya,
hakimu mwingine, washauri wengine.
Digrii mbili, kiapo, miaka kumi,
vyote vilikuwa vimesimama juu ya mama mmoja
ambaye sheria haikumdai cheti,
ilimdai aketi pale na aandike jina.

Nilirudi na gari la mbolea.
Viazi vya ugomvi vilikwisha kuliwa Dar es Salaam,
na waliovila hawajui.
Nikapanda vingine. Kupanda ni neno moja tu,
kwa mbegu na kwa rufaa,
ila mbegu hujua msimu wake.

Jioni Tupokigwe alikuja na maziwa, hakutaka hela.
Alisimama mlangoni muda mrefu.
"Jina langu lina uzito kiasi hicho?"
Sikumjibu; nilikuwa nashona magunia,
safari hii midomo bapa, bila nundu.
Akaokota mkaa jikoni,
akaandika juu ya gunia tupu, herufi kubwa, polepole,
ile G akairudia mara mbili.
Kisha akaniuliza kama linasomeka.