Mahali pa Betri

Saa nne kamili tunapanga foleni Bombo.
Kikombe kidogo; meza, kisha taja jina lako,
nesi apate kujua hukuibana mdomoni.
Halafu sote, tumeshaponywa kwa siku hiyo,
tunatoka hadi ukutani
na kuwasha.

Miaka miwili unga sijaugusa.
Gongo nayo niliiaga kwa heshima zote,
kama unavyomwaga mkwe usiyempenda.
Sigara ikabaki. Nani angeisema?
Soba kule Makorora ndiyo iliyokuwa mshahara wetu:
kudeki choo, mbili; kulala bila kelele, moja.
Na Mhina, mshauri wetu, ndiye aliyetuwashia kiberiti.
"Mwacheni mtu na kilema kimoja," akisema,
"ukimvua vyote atatoka uchi."

Tulicheka. Hata Mbaruku alicheka,
akakohoa, akacheka tena.
Mbaruku aliyeishinda arosto sakafuni, siku tisa,
akiuma pindo la kanga ya mama yake,
tukampigia makofi alipotimiza mwaka.
Tulimzika Msambweni mwezi wa Rajabu.
Si unga. Kifua.
Mimi nilishika mguu wa jeneza
na kipisi nyuma ya sikio.

Sasa yupo nesi mpya, Kidawa,
mtu mfupi, sauti kama ya kuulizia bei.
Dirishani, kabla ya kikombe, anaandika:
Unga? Hapana. Pombe? Hapana.
Na hiyo iliyo sikioni?
Hakunihubiria. Kashika kalamu, anangoja,
foleni nyuma yangu inaguna.

Siku ya kwanza niliwatukana wote, hata vyungu.
Siku ya nne mikono ikakosa kazi.
Mhina (naye kaacha, kanuna kama paka aliyelowa)
akaja na kapu la machungwa ya Muheza.
Tukakaa ukutani palepale, saa ileile,
tukimenya
ganda moja refu lisikatike.
Yupo kijana wa Duga, anatushinda sote.

Leo ya kumi na moja.
Nitasema kweli, maana daftari la Kidawa halina viboko:
ninayo moja.
Nimeificha ndani ya redio, mahali pa betri,
na redio tangu hapo haisemi.
Jirani yangu wa kitanda ameuliza mara mbili
matokeo ya mpira.

Kesho, nikipita dukani kwa Mpemba,
huenda nikaulizia betri.