Kitabu cha Kasoro

Nilikuwa karani wake, mshika muhuri na funguo,
mtaa wetu wa Kilimahewa, nyumba zimepanda majabali
kama kuku waliokimbia maji.
Luteni Kanali mstaafu Nkwabi Lusangija
alifika siku ya kwanza saa moja kasorobo,
akaizunguka ofisi kwa nje, taratibu,
akagonga ukuta, akainama kutazama msingi,
utadhani tunapaa nayo.

Kisha akatoa daftari jeusi.
"Rubani akishatua," akasema, "hasifii safari.
Huandika kilicholegea."
Ukurasa wa kwanza, herufi zimesimama wima:
Mlango wa choo cha shule hauna komeo.
Taa ya njia panda imekufa tangu Pasaka.
Bomba la kwa Mama Ng'walu latoa hewa tupu.
Mwenyekiti hajui majina ya watu.

Walimwita Kongoti,
kwa ule mwendo, mikono nyuma, kipara juani,
kama wale ndege wa mwaloni Kirumba
wakaguao vichwa vya sangara bila kumwamkia mtu.
Alisikia. Akaandika: Mwenyekiti haamkii.
Kesho yake alitoa shikamoo
hadi kwa waliomzidi mwezi mmoja.

Sitasema hakukosea.
Mwaka wa pili aliamuru vibanda vya dagaa vihame,
mfereji upite, siku saba, basi.
Akageuka, akidhani nyuma yake kuna gwaride.
Nyuma yake palikuwa na Kalunde wa kibanda cha nne,
ungo kiunoni.
"Baba, ndege yako ilibeba wangapi?"
"Wawili. Mimi, na wa nyuma yangu."
"Na huyo wa nyuma, alikuwa na usukani?"
Akasita.
"Alikuwa nao."
"Basi."

Usiku ule taa ya ofisi haikuzimwa.
Mfereji ukapindishwa, ukachelewa miezi mitano.
Upo hadi leo, una kona kama kiwiko,
na vibanda vimekaa ndani ya kiwiko.

Vita hakusimulia. Watoto walipombembeleza
aliwafundisha kusoma mawingu:
lile lenye tumbo jeusi upande wa Ukerewe
si la kuanulia nguo tu, ni la kuhesabiana.
Likaja, usiku wa Machi.
Jabali la juu likajongea dhiraa mbili
kwa sauti ya mtu anayesaga meno usingizini.
Tulishuka, kaya ishirini na tisa, tope magotini,
yeye wa mwisho, tochi kinywani,
kakumbatia mbuzi asiyemjua mwenyewe.
Akatuhesabu chini ya bati la shule.
Akatuhesabu tena.
Mara ya tatu nikamshika mkono: "Mzee, tumetimia."
"Niliwahi kutua," akasema, "na hesabu pungufu."
Akaendelea. Mmoja. Wawili.

Uchaguzi alishindwa kwa kura kumi na moja
na Bulugu, kijana wa duka la vocha,
aliyeahidi lami.
Hakudai zihesabiwe upya.
Alikuja kukabidhi na suruali iliyopigwa pasi,
akaweka daftari mezani, akasoma ukurasa wa mwisho kwa sauti:
Fedha, shilingi elfu arobaini na mia mbili.
Funguo tatu, moja haifungui kitu.
Taa ya njia panda imekufa tena.
Bulugu akacheka kidogo. "Na mazuri, Kanali?"
"Hayo hayana haja ya fundi."

Walipoondoka nililifungua daftari mwanzoni.
Kila kasoro iliyotengenezwa ina tarehe na sahihi:
komeo, taa, bomba.
Mstari wa nne, ule wa majina, alikuwa ameuacha wazi
miaka yote mitano,
yeye aliyemwita kila mtoto gizani, kwa jina lake na la bibi yake,
hata pacha wa kwa Ng'walu ambao mimi nawachanganya.

Nikachukua muhuri wa mtaa, nikaupulizia,
nikaugonga pale.
Ulitoka umepinda. Niliuacha hivyo.