Hozi ya Juu

Kuna daftari la jalada la bluu
kwenye dashibodi ya Corolla ya Baba.
Kila Jumamosi, kwa kalamu ya risasi:
Oili, sawa. Maji, nimeongeza nusu kikombe.
Tairi la nyuma kushoto linapungua upepo, tazama msumari.
Ukurasa wa mwisho mwandiko umelegea,
herufi zinateremka kama zinatafuta pa kulala:
Hozi ya juu imechoka. Ibadilishwe.

Niliusoma mstari huo wiki ya msiba, nikalia.
Nilidhani anajisema mwenyewe.
Hozi sikuibadilisha.

Leo nimetoka Arusha saa moja asubuhi,
keki ya kipaimara ya Aikande kiti cha nyuma,
orofa tatu, nimeifunga mkanda kama abiria.
Tengeru nimepita napiga mluzi.
Mshale wa joto niliuona ukinyanyuka,
nikauambia: ni kamlima tu haka, utashuka.
Ndivyo tunavyosema na vitu
tusivyotaka vitujibu.

Maji ya Chai.
Naapa mahali sikupachagua mimi.
Gari likachemka kama birika la matanga,
mvuke ukafunika kioo, nikaegesha kwa kubahatisha,
nikawasha indiketa zote mbili,
nikashuka na viatu vya kanisani juu ya tope.

Mkono ulishafika kwenye mfuniko wa rejeta
mama muuza ndizi alipopiga ukelele kutoka ng'ambo:
"Wee! Utabanduka uso! Acha ipoe!"
Akavuka, Mama Ndekirwa,
akavunja matawi ya mpera,
akayalaza barabarani nyuma yangu,
moja, hatua ishirini, jingine.
"Pembetatu yako iko wapi?"
Pembetatu yangu iko nyumbani,
inazuia mlango wa banda la kuku.

Fuso la vitunguu likapunguza mwendo.
Utingo akachungulia, akatamka neno moja,
"Hozi,"
wakaenda zao.

Tukakaa nusu saa, tukala ndizi zake.
Kisha mwanawe Kaanaeli, manati shingoni,
akainama chini ya boneti, akaona ufa.
Akautazama ufa.
Akaitazama manati.
Akamtazama njiwa mmoja kwenye waya wa umeme,
akapumua.
"Kausha kwanza," akaniagiza mtoto wa darasa la nne,
nami nikavua kilemba nikakausha.
Akafungua mpira, akauzungusha,
anavuta kwa meno, anazungusha, anavuta,
mpaka ufa ukafumba mdomo.

Maji yalikuja na ndoo kutoka mtoni,
mekundu kidogo, kama jina lake.
"Washa gari. Mimina kidogo kidogo,"
alisema mama yake,
"chuma cha moto hakipendi kushtuliwa."
Wala mfuniko usiukaze mpaka mwisho.
Wala usizidi hamsini.
Nilifungua pochi. Mama akachukua hela ya ndizi tu.
Kaanaeli akasema, "Mimi nataka mpira wangu urudi."

Basi nikaenda Moshi kwa hamsini,
vioo chini, hita juu kabisa
ili injini inigawie homa yake.
Malori yananipigia honi, nami natokwa jasho.
Boma Ng'ombe orofa ya tatu ya keki ikaanza kuinama,
KIPAIMARA CHEMA ikabaki MARA CHEMA.
Aikande alicheka mpaka taji likamdondoka.

Jumatatu, fundi wa Pasua alifunga hozi mpya.
Alitaka kuutupa ule mpira; nikamshika mkono.
Unanuka oili, umekatika sehemu mbili,
haufai tena kumrushia njiwa jiwe.
Nimenunua mwingine, mrefu zaidi,
nimeuweka juu ya daftari.

Na chini ya maneno ya Baba
nimeandika kwa wino, mwandiko wangu mbaya:
Imebadilishwa.
Pembetatu imetoka bandani.
Deni: manati, Maji ya Chai. Lilipwe Jumamosi.